Ondoa kivuli mapema, miche ya nyika si ya kulelewa gizani

Miche ya mkwaju, mgunga na mpingo inakauka muda mfupi baada ya kupandwa, na lawama zote zinatupiwa mvua. Mara nyingi mche umeharibiwa kitaluni: umekaa chini ya makuti mazito tangu kuota hadi siku ya kupandwa, kisha unapelekwa ghafla kwenye jua kali.

Chana kiriba kimoja cha kivulini, yaani kile kimfuko cha plastiki chenye udongo na mche, uone. Shina refu na legelege, majani yamepauka, mizizi michache haijafika chini. Nguvu zote zimeishia kurefuka kuutafuta mwanga. Mche wa juani ni mfupi, lakini mizizi yake imeshika udongo wote. Na bado watu wanachagua ule mrefu! Acheni hiyo tabia.

Kivuli ni cha wakati wa kuota, na siku 10 hadi 14 baada ya kuhamishia miche kwenye viriba. Kipitishe nusu ya mwanga. Kisha, wiki ya kwanza, fungua hadi saa 4 asubuhi na tena kuanzia saa 10 jioni. Wiki ya pili, acha wazi hadi saa 6 mchana. Wiki ya tatu toa makuti yote, na usiyarudishe eti majani yamelegea saa 8. Yakisimama tena jioni, mche hauna shida.

Udongo nao huzidisha madhara ya kivuli. Mfinyanzi usiopata jua haukauki, na shina huoza pale linapogusa udongo. Changanya madebe 3 ya udongo wa msituni, 2 ya mchanga na 1 la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi, tumesema mara ngapi? Mwagilia kiriba cha majaribio: maji yakituama juu, ongeza mchanga. Kwa mgunga na mpingo, tia pia konzi ya udongo uliochotwa chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo, maana una bakteria wanaosaidia mizizi kupata naitrojeni.

Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, punguza maji hatua kwa hatua: kutoka kila siku, mwagilia kila baada ya siku moja, kisha mbili. Inua viriba, kata mizizi iliyotoboa chini, na siku hiyo mwagilia vizuri.

Shina likiwa gumu na la kahawia kwa chini, mche uko tayari.