Tairi za Vitz, Passo na wenzake: soma ubavu kwanza, hela baadaye

Nilivyonunua Vitz yangu ikiwa imetoka Japani moja kwa moja, kitu kilichonifurahisha kuliko hata redio ni tairi. Kashata (ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara) nene, nyeusi tii, nikasema hapa miaka miwili sigusi duka la tairi. Haikufika hata mwaka, za mbele zikawa zimelika kama kipande cha sabuni bafuni, na mvua ikinyesha gari linaserereka kwenye kona ambazo bajaji inapita bila wasiwasi. Nikaenda kwa mziba pancha wetu wa mtaani, akachuchumaa, akabonyeza kashata kwa kidole gumba ikabonyea kama ndala, afu akanionyesha maandishi ubavuni: STUDLESS. "Kaka, hizi ni za kuendeshea kwenye barafu, wewe unakaa Mbagala."

Yani muda wote huo nilikuwa natembelea tairi za theluji kwenye lami ya Dar. Mpira wake unatengenezwa laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi kali, ukiuleta kwenye joto letu unalainika zaidi na kuisha haraka, na breki inakuwa ndefu. Ukitaka kuzitambua angalia neno hilo STUDLESS, au kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kuna theluji, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Pia kashata zake zina vimistari vingi vyembamba vya kujipindapinda kama vimekatwa kwa wembe. Usinielewe vibaya, kwao Hokkaido, Japani kwenye theluji, ni tairi nzuri sana, ila sio za hapa. Kama gari lako limetoka Japani karibuni, nenda kaangalie leo kabla hujasoma mbele.

Sasa tuje kwenye kununua. Kosa kubwa tunalofanya ni kwenda dukani na kumwambia muuzaji "nipe tairi za Vitz". Ukisema hivyo umemkabidhi yeye uamuzi, atakupa alichonacho stoo. Nenda na namba. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya bodi kuna stika, mara nyingi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka, hapo ndio kuna saizi iliyopangwa kiwandani pamoja na upepo wake. Usitegemee saizi iliyopo kwenye tairi ulizonazo sasa hivi, maana hujui mwenye gari kabla yako alifunga nini.

Yangu inasema 165/70R14 81S. 165 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, kwamba ni asilimia 70 ya ule upana. R ni "radial", sio redio ya muziki, ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na tairi karibu zote za gari ndogo siku hizi ni hizo. 14 ni rimu ya inchi 14. 81 ni namba ya kodi ya uzito ambao tairi moja inabeba, sio kilo 81, ni kilo 462, na S ni spidi ya mwisho 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210. Ukipanda juu kwenye uzito na herufi hamna shida, kushuka ndio usikubali, hata kama unajiambia mimi sikimbizi gari. Siku ya kwenda msibani mnajaa watu watano na magunia mawili ya mchele nyuma, hapo ndio utajua 81 iliwekwa kwa sababu gani.

Utafika dukani, iwe Gerezani, Ilala au popote, na utaambiwa "bosi wangu 165/70 imeisha, ila chukua hii 175/70, inaingia bila shida". Kweli inaingia, lakini piga hesabu kwanza, ni hesabu ya darasa la saba tu. Upana mara kimo, zidisha mara mbili, jumlisha na rimu ambayo inchi 14 ni milimita 355.6, unapata kimo cha tairi zima kutoka chini mpaka juu. Ya kwangu: 165 mara 0.70 ni 115.5, mara mbili 231, jumla 586.6. Hiyo 175/70 inatoka 600.6, imezidi kama asilimia 2.4. Ya 175/65 inatoka 583.1, tofauti haifiki hata asilimia moja, kwahiyo kama kuna ya kubadilishia basi ni hiyo. Sasa yupo mwingine atakuletea 185/70 eti "itanyanyua gari juu kidogo, barabara zenyewe unazijua", hiyo inatoka 614.6, karibu asilimia 5. Hapo ukikata kona itaanza kukwaruza fenda, gari inakuwa nzito kuondoka, na dashibodi inakudanganya, inasoma 50 wewe uko 52 na ushee. Kwenye kibao cha 50 trafiki mwenye tochi haangalii dashibodi yako. Kipimo changu mimi, ikizidi asilimia 3 naacha.

Umri wa tairi ndio sehemu ambayo watu wengi wanapigwa, na tena wanapigwa kwa tairi mpya kabisa, hazijawahi kugusa barabara. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata ule mlolongo wa herufi na namba mpaka mwisho, kuna namba nne peke yake. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba ni tatu tu, hiyo imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, ikimbie. Shida ni kwamba namba hizo nne mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa umegeuziwa ukutani au ukafungwa ukaangalia ndani ya gari. Kwahiyo washa tochi ya simu, geuza tairi, soma kabla haijavalishwa kwenye rimu. Na soma zote nne moja moja. Mimi nilishawahi kupewa tairi nne za kampuni moja, tatu zilikuwa za mwaka uliopita na moja ina miaka sita, nilivyouliza nikaambiwa "ah, hiyo ilijichanganya". Ilijichanganya yenyewe, ina miguu.

Usidanganyike na vile vindevu vya mpira vinavyochomoza kwenye tairi, wala weusi unaong'aa. Vindevu havidondoki kwa kukaa stoo, na weusi ni dawa ya kupaka. Mpira unazeeka hata ukikaa bure, na ukikaa juani barazani mwa duka ndio unazeeka haraka. Kunja ubavu kidogo kwa mikono miwili uangalie kama kuna nyufa nyembamba kama za kisigino cha kiangazi. Mimi ya chini ya miaka miwili nachukua bila maneno, ya miwili mpaka mitatu naomba punguzo, zaidi ya hapo namuachia mwenyewe. Na zile ulizofunga tayari, zikifika miaka mitano sita anza kuzikagua kila mara, zikifika kumi toa hata kama kashata bado ipo.

Kampuni sasa. Hapa watu wanagombana kama Simba na Yanga. Wazee bado wanaikumbuka General Tyre ya Arusha, sawa, lakini hiyo haipo tena. Mjapani na Mfaransa ni wazuri na bei yao unaijua, Mkorea yuko katikati, Mchina na Mhindi ndio wengi tunaowamudu na kati yao kuna wazuri na kuna wa ovyo. Maoni yangu, tairi ya Mchina iliyotengenezwa mwaka huu, saizi sahihi, ni bora kuliko yenye jina kubwa iliyolala stoo miaka mitano. Kama kuna maandishi TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE yaangalie. Temperature A ni ya juu, C ni ya mwisho, kwa joto letu na safari za Dodoma mchana mimi sishuki chini ya B. Treadwear namba ikiwa kubwa inatakiwa idumu zaidi, ila kila kiwanda kinajipa yenyewe hizo namba, kwahiyo linganisha tairi za kampuni moja, usilinganishe Mjapani na Mchina.

Za mtumba sizipendi, labda iwe spea. Ukilazimika, chungulia ndani ya tairi, sio nje tu. Ndani ndio utaona kiraka, waya uliochomoza, au mduara uliosagika unaoonyesha ilitembezwa bila upepo. Ikiwa na nundu ubavuni acha, nundu maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika. Na kuna wale wanaochukua kipara wakakichonga kashata upya kwa kisu cha moto, utajua ukiona mistari haijanyooka sawasawa, na vile vituta vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya kashata, vya kuonyesha tairi imebaki milimita 1.6, vimekatwa havipo.

Kama hela ni ya tairi mbili tu, funga mbili zinazofanana na uziweke nyuma. Najua fundi wako atabisha, atasema Vitz inavutwa na mbele kwahiyo mpya ziende mbele. Mbele zikiteleza kwenye maji, gari linaenda moja kwa moja, ukiachia mafuta linarudi. Nyuma zikiteleza, gari linazunguka lenyewe ukiwa unaangalia ulikotoka. Zile za nyuma ambazo hazijaisha sana zilete mbele, maliza nazo.

Kwenye kufunga usiende kunywa soda, simama hapo hapo. Kama tairi ina mshale na neno ROTATION, mshale uelekee gari linakokwenda. Kama imeandikwa OUTSIDE, upande huo uwe nje. Nimeona zimefungwa kinyume na fundi anasema "hamna neno". Badilisha na vile vipira vya kujazia upepo, ni bei ya maandazi, na vya zamani ndio vinavyovujisha taratibu mpaka unamlaumu muuza tairi. Fanya balansi (kusawazisha uzito wa tairi na rimu yake), afu alaimenti (kunyoosha tairi zikae sawa na gari), maana kama zile za mwanzo zililika upande mmoja hata hizi mpya zitalika hivyo hivyo.

Upepo jaza kama stika inavyosema, na upime asubuhi gari likiwa halijatembea. Ikiwa imeandikwa 230 kPa ni kama psi 33. Kuna hii tabia ya kupunguza upepo ukienda safari ndefu eti tairi zisipasuke kwa joto, aisee hiyo ni kinyume kabisa, tairi yenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja kila mzunguko, ndio unapata moto, ndio inapasuka. Mambo ya kujaza gesi ya naitrojeni badala ya hewa, kama wanakupa bure chukua, ila hewa ya kawaida zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni tayari. Usisahau na spea. Kama ni ile nyembamba kama ya pikipiki, hiyo inataka psi 60 na mwisho wake ni spidi 80, ni ya kukufikisha kwa mziba pancha tu, sio ya kukufikisha Moshi.

Ukishatembea kama kilomita 50 mpaka 100 rudia kukaza nati, maana huwa zinalegea kidogo. Na kabla hujaondoka dukani mwambie muuzaji kwenye risiti asiandike "tairi 4" tu, aandike saizi na zile namba nne za kila tairi. Akianza kusema mashine imegoma, basi geuza tena tairi uangalie upande wa pili.