Amegonga kichwa, anasema yuko poa: mfanye nini

Boda imeteleza kwenye tope la Rungwe, dereva ameruka akatua kwa kichwa, kisha anainuka, anajipangusa magoti na kuwaambia waliokusanyika, "Niko poa." Msimwamini bado. Mtikisiko wa ubongo huvuruga akili ile ile anayoitumia kujipima. Na wengi wanaoupata hawazimii kabisa, kwa hiyo kuuliza "alizimia?" hakutoshi.

Mmoja wenu aandike kwenye simu: ameanguka saa ngapi, ametapika mara ngapi, maneno yalianza kuchanganyika lini. Daktari atayahitaji kuliko maelezo ya nani alikuwa na kosa barabarani.

Kabla ya kumnyanyua, fikirieni shingo. Kama haamki, au shingo inauma, au mikono na miguu ina ganzi, abaki hapo hapo. Mtu apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kwa viganja viwili kisigeuke. Helmeti ivuliwe tu kama inazuia pumzi. Akitapika huku amelala chali, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kama mnavyobingirisha gogo. Kumbeba mshikaki, amebanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, ni njia ya haraka na ndiyo mbaya kuliko zote: kichwa kinaning'inia, na akitapika hakuna anayeona. Tafuteni gari la kumlaza, hata kirikuu, na mfunikeni blanketi. Baridi ya Makete mwezi wa sita haina huruma na mtu aliyelala chini.

Aliye macho apimwe kwa maswali. Tuko wapi? Ulikuwa unampeleka nani? Kama ni uwanjani: nani amefunga bao la mwisho? Mtajie maneno matano, tuseme jembe, mvua, kiti, ndizi, sabuni. Ayarudie papo hapo, kisha tena baada ya dakika tano hivi. Ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, au siku za wiki kama miezi si mazoea yake. Mzee anayewaza kwa Kinyakyusa au Kihehe aulizwe kwa lugha hiyo, la sivyo mtapima Kiswahili chake badala ya ubongo. Kisha atembee mita tatu kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba, anayeuliza swali moja mara nne, anayekerwa na mwanga au kusikia kichefuchefu, mhesabuni ana mtikisiko. Akiwa mchezaji, anatoka na harudi siku hiyo. Na harufu ya ulanzi isiwadanganye: mlevi naye huvunjika fuvu, na ulevi huficha dalili zote hizi.

Ikitokea hata moja kati ya hizi, ni hospitali mara moja:
- kutapika mara mbili au zaidi
- kichwa kinachozidi kuuma
- degedege, au kuzimia
- usingizi mzito, kuchanganyikiwa au fujo inayoongezeka
- mboni moja kubwa kuliko nyingine, au kuona vitu viwiliviwili
- udhaifu wa mkono au mguu
- maji maji au damu puani au sikioni (msizibe), au weusi nyuma ya sikio
- kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, utosi kuvimba, kilio kisichobembelezeka

Asiye na dalili hizo na anayekaa Uyole, jijini Mbeya karibu na hospitali, anaweza kusubiri kidogo aone. Wa kijiji cha ndani Ludewa hana nafasi hiyo, kwa sababu dalili itakayoanza saa 4 usiku itamkuta mbali na gari. Kwa hiyo aliyerushwa kutoka kwenye pikipiki, aliyeanguka toka juu ya mparachichi, mwenye miaka 65 na zaidi, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au asiyekumbuka nusu saa kabla ya ajali, aondoke mchana hata kama anacheka. Mganga wa zahanati apige simu mbele kuuliza kama CT scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inafanya kazi leo. Mtu mwingine afuatilie PF3, fomu ya majeruhi, polisi. Mgonjwa asiisubiri njiani.

Haraka hiyo ina sababu. Pigo la juu ya sikio huweza kupasua mshipa chini ya mfupa. Mtu anazinduka, anaongea vizuri saa kadhaa, huku damu ikijikusanya na kuubana ubongo. Ndiyo yule anayesemwa "alikuwa mzima kabisa jioni".

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, alale, kumkesheza hakumsaidii. Usiku wa kwanza awe na mtu wa kumwamsha mara mbili au tatu na kuhakikisha anajibu kwa akili. Mtu mzima mwenye afya ameze parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini aziache kwa saa 48 za mwanzo, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe marufuku.

Apumzike siku moja au mbili, simu kidogo, kisha aanze kutembea. Kujifungia gizani wiki nzima huchelewesha kupona. Aongeze kazi ngazi kwa ngazi, kila ngazi angalau saa 24, na dalili zikizidi arudi ngazi ya chini. Kubeba lumbesa, kupanda mti, chenso za Mafinga na kuendesha boda ni za mwisho. Mpira wa kukabana usubiri ruhusa ya daktari: pigo la pili kabla ubongo haujapona, hasa kwa kijana, linaweza kuuvimbisha hadi kuua. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto ndani ya wiki nne.

Kwa mzee na mnywaji wa siku nyingi, ubongo umesinyaa na mishipa yake imevutika, hivyo damu huweza kuvuja taratibu kwa wiki kadhaa. Akianza kusahau, kuburuta mguu au kulala mchana kutwa, msiseme ni uzee au amerogwa. Mpelekeni, na daktari aambiwe kuhusu anguko lile hata kama lilikuwa dogo na lilitokea mwezi uliopita.