Kabla hujaigusa kompyuta yenye ushahidi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kuchunguza ushahidi wa kompyuta lilichukua sekunde nne hivi. Niliitwa kwenye ofisi moja ambako mhasibu alishukiwa kuchezea ankara. Nikakuta faili ya lahajedwali iko pale pale mbele ya skrini, nikaibofya nione kama ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe kweli. Nilipoifunga, programu ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko, na kidole, kwa mazoea yake, kikabonyeza ndiyo. Kuanzia hapo faili ile ilionyesha kwamba imebadilishwa mara ya mwisho saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ambayo mtuhumiwa alikuwa ameshasimamishwa kazi na aliyekalia kiti chake ni mimi. Wakili wa utetezi angetaka nini tena?

Ndiyo maana siku hizi mtu akinipigia simu kwamba kuna kompyuta ya kuchunguzwa, kwanza namwambia asiiguse, halafu naomba muda wa kujiandaa. Ushahidi wa kidijitali huharibika zaidi mwanzoni kuliko mahali pengine popote, na mara nyingi anayeuharibu ni mtu mwenye nia njema aliyetaka kuangalia tu.

Anza na karatasi. Nani amekuruhusu, na amekuruhusu kufanya nini hasa? Polisi kwa kawaida huhitaji hati ya upekuzi au idhini ya mwenye kifaa. Mchunguzi wa kampuni huhitaji barua ya mwenye mamlaka, na ni vizuri iwepo sera ya matumizi ya kompyuta ambayo wafanyakazi wameisaini. Kompyuta iliyo mezani inaweza kuwa mali ya mwajiri, lakini sanduku la barua pepe binafsi lililoachwa wazi ndani yake ni chumba kingine chenye mlango wake. Hati inayotaja kompyuta pia haikupi moja kwa moja haki ya kuvuta nyaraka zilizo kwenye wingu, katika seva ambayo huenda iko nchi nyingine kabisa. Na kama unatafuta ankara ukajikwaa kwenye kosa jingine zito, simamisha kazi, rudi ukaombe ruhusa mpya. Sheria za mambo haya hazifanani kila nchi, kwa hiyo mwanasheria aulizwe kabla hujatoka ofisini.

Kisha liandike swali la kesi kwa sentensi moja. "Nani alibadilisha ankara hizi, lini, na kwa kutumia akaunti ipi" ni swali. "Tuone kuna nini" si swali, na linakupeleka kusoma picha za harusi ya mtu hadi usiku wa manane.

Mkoba nao una mambo yake. Diski za kupokelea nakala ziwe zimefutwa kwa kuandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho, na kufutwa huko kuandikwe daftarini, maana diski ikibaki na masalio ya kesi ya jana, kesi mbili zitachanganyika. Ziwe na nafasi kuliko unavyodhani utahitaji. Piga na hesabu ya muda: diski ya terabaiti 1 ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde inachukua karibu saa 3, na hapo nakala bado haijahakikiwa. Wengi hufika saa kumi jioni mahali panapofungwa saa kumi na moja.

Kizuia uandishi kisikosekane, yaani kile kidude kinachokaa kati ya diski na kompyuta yako na kuruhusu kusoma tu. Bila hicho, mfumo wa uendeshaji unaweza kuandika vitu vyake kwenye diski mara tu inapochomekwa, hata kama hujabofya chochote. Lakini kisikulevye. Diski za SSD, zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, zina akili zake ndani: zikipata umeme tu, zinaweza kuendelea kusafisha vipande vya faili zilizokwisha kufutwa, na kizuizi chako cha nje hakioni lolote. Kwa hiyo SSD haiwashwi kujaribu tu kama inafanya kazi. Kamera, lebo, kalamu isiyofutika, bisibisi na mifuko ya kuzuia umeme tuli sivielezi. Kila mtu anavikumbuka.

Jambo linaloumiza vichwa zaidi ni hili: ukiikuta kompyuta inawaka, uizime au uiache? Zamani jibu lilikuwa rahisi, chomoa waya. Leo jibu hilo linaweza kuizika kesi. Mwongozo wa RFC 3227, waraka wa wataalamu wa intaneti uliotolewa Februari 2002, ulipanga ushahidi kwa jinsi unavyopotea haraka: vilivyomo kwenye prosesa na kumbukumbu ya muda hutangulia, faili za muda hufuata, halafu diski, na nakala za akiba huja mwishoni. Mpangilio huo bado unafaa. Kwenye RAM, yaani hiyo kumbukumbu ya muda, kuna programu zinazoendelea kufanya kazi, miunganisho ya mtandao iliyo wazi, na pengine ufunguo wa diski iliyosimbwa, yaani iliyofungwa isisomeke bila nywila. Ukichomoa waya, kompyuta ikiwashwa tena itadai nywila ambayo mtuhumiwa hana haja ya kukukumbushia.

Tarehe 1 Oktoba 2013 maofisa wa FBI walimkamata Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road, katika maktaba ya umma mjini San Francisco. Walijua kwamba akiwahi kuifunga laputopu yake mambo yamekwisha. Wawili wao wakajifanya wapenzi wanaogombana nyuma yake; alipogeuka kutazama, laputopu ikanyakuliwa ikiwa wazi, akaunti ya usimamizi wa soko ikiwa imefunguliwa. Mchezo ule mfupi ulipangwa kwa ajili ya jambo moja tu, skrini isijifunge.

Kwa hiyo amueni kabla ya kuingia, mkiwa mmekaa, nani atafanya nini. Skrini ikiwa wazi, mmoja apige picha ya kila kilichopo, mwingine ahakikishe mashine hailali, hata kwa kusogeza kipanya kidogo kidogo, na mwenye ujuzi achukue nakala ya RAM kwa programu aliyokuja nayo kwenye flashi yake. Ndiyo, flashi hiyo itaacha alama zake kwenye mashine. Alama unayoijua, uliyoiandika na unayoweza kuieleza haina ubaya. Mkikuta faili zinafutwa au zinasimbwa mbele ya macho yenu, hapo kata umeme bila mjadala. Na kwa laputopu kumbuka kuna betri, kuchomoa waya wa ukutani hakuizimi. Iliyozimwa ibaki imezimwa.

Simu ni tabu ya aina yake, kwa sababu mwenyewe anaweza kuifuta akiwa mbali. Iliyo wazi iwekwe kwenye hali ya ndegeni, halafu iingizwe kwenye mfuko wa Faraday unaozuia mawimbi, ikiwa na betri ya akiba, kwani simu iliyokosa mtandao huhangaika kuutafuta na kumaliza chaji. Usiiache izimike. Simu iliyokwisha kufunguliwa walau mara moja tangu iwashwe ni rahisi zaidi kuchunguza kuliko iliyotoka kuwashwa, kwani kabla ya kufunguliwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya data bado imesimbwa na ufunguo wake haujapatikana. Tangu iOS 18.1, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka mwishoni mwa 2024, iPhone iliyokaa imefungwa siku 3 mfululizo hujiwasha upya yenyewe. Maana yake simu ikikaa kabatini wikiendi nzima ikisubiri fundi, huenda Jumatatu ukakuta mlango mwingine umefungwa.

Kabla ya siku yenyewe, fanya mazoezi ya heshi mpaka mkono uzoee. Heshi ni namba inayopatikana kwa kupitisha data yote kwenye hesabu maalumu. Biti moja ikibadilika, namba inakuwa nyingine kabisa. Ukipata heshi ya diski asili na ya nakala yako zikafanana, umeonyesha kwamba nakala haikuguswa. Tumia SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Kwa heshi za zamani, njia ya kupata data mbili tofauti zenye heshi moja ilionyeshwa hadharani mwaka 2004 kwa MD5 na mwaka 2017 kwa SHA-1, na hutaki kubishana kizimbani kuhusu hilo. Dokezo dogo: ukiona heshi inayoanza na e3b0c442, usifurahi. Hiyo ni SHA-256 ya faili tupu. Nimeiona kwenye ripoti iliyosainiwa na watu watatu.

Zana zijaribiwe kwenye diski ya mazoezi ambayo majibu yake unayajua, na jibu zito lithibitishwe kwa zana ya pili. Katika kesi moja ya mauaji iliyovuma Florida mwaka 2011, upande wa mashtaka ulieleza kwamba ukurasa mmoja kuhusu klorofomu ulitembelewa mara 84. Baadaye mtengenezaji wa programu iliyotoa hesabu hiyo aligundua ilikosea: ulitembelewa mara 1.

Saa. Hapa ndipo kesi nyingi hulegea. Saa ya kompyuta inaweza kuwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kabla ya yote ipige picha kando ya saa unayoiamini, tofauti uiandike. Ujue pia kwamba NTFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski za Windows, hutunza nyakati kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ilhali mfumo wa FAT, unaotumika kwenye flashi nyingi, hutunza saa ya mahali ilipo kompyuta. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wa ziada: shahidi akisema saa nne usiku, logi ya seva, yaani orodha ya matukio yake, inasema 22:10, na karani asiyekuwa makini akiandika 4, umepoteza saa 6 kwenye maelezo yako. Daftarini andika tarakimu za saa 24 na kanda ya saa kila mara. Anwani ya IP, ile inayotambulisha muunganisho mtandaoni, nayo ichukuliwe pamoja na sekunde na namba ya poti, inayotofautisha wanaotumia anwani moja, kwani watoa huduma wengi huwapa mamia ya wateja anwani moja kwa wakati mmoja. Bila poti utarudi na orodha ya majina, si jina.

Daftari liwe la kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, alitumwa kutafuta senti 75 zilizopungua kwenye hesabu za matumizi, akagundua kuna mvamizi ndani ya kompyuta hizo. Aliunganisha mashine za kuchapa kwenye laini za simu ili kila alichoandika mvamizi kitoke kwenye karatasi bila mvamizi kujua, naye akawa anaandika kila hatua kwenye daftari lake. Njia ile ikaishia kwa mvamizi mwenyewe, Markus Hess, huko Hannover, Ujerumani. Fomu ya makabidhiano ifuate roho hiyo hiyo: nani alikipokea kifaa, kutoka kwa nani, saa ngapi, muhuri namba ngapi. Pengo la usiku mmoja kwenye fomu hiyo linatosha kuzua swali.

Mwisho, orodhesha ushahidi usio mezani, kwa sababu huo ndio unaokimbia ukiwa unahangaika na bisibisi. Kamera za ulinzi hurekodi juu ya picha za zamani. Ruta husahau ikizimwa. Kwa watoa huduma, barua ya kuomba data itunzwe iandaliwe mapema, ibaki kujazwa tarehe tu. Mkataba wa Budapest wa 2001, ule wa kimataifa kuhusu makosa ya mtandaoni, unaruhusu amri ya kuhifadhi data hadi siku 90, na inaweza kuongezwa. Kisha uliza kuhusu nakala za akiba: zinachukuliwa lini, zinakaa wapi, nani ana ufunguo.

Swali hilo la mwisho sikuliuliza siku ya ankara. Aliyeliuliza ni mwenzangu, jioni, baada ya kuniona nimenyamaza. Seva ilikuwa ikinakili faili zote kila usiku saa nane, na toleo la usiku uliotangulia lilikuwepo, likiwa na tarehe zake halisi. Kesi ilisimama juu ya hilo. Ripoti yangu, hata hivyo, ilihitaji kurasa mbili za kueleza zile sekunde nne.