Rauta ya Cisco imebaki kwenye rommon? Usiitupe kwanza

Juzi niliitwa ofisi moja Ngamiani hapa Tanga, umeme ulikatika uliporudi rauta taa zinawaka ila intaneti hakuna, fundi aliyenitangulia keshawaambia imeungua wanunue nyingine. Haijaungua bwana. Nikachomeka kebo ya konsoli, ile bapa ya bluu, nikafungua PuTTY (programu ya kuongea na rauta kwa kuandika amri) nikaweka Serial, spidi 9600, flow control None (hii wengi wanaisahau, unagonga kibodi wee haiitiki unadhani kebo mbovu), nikapiga enter ikajibu rommon 1 >. Mgonjwa anapumua.

Rommon ni kiprogramu kinachoamka kabla ya IOS, yaani mfumo endeshi wa rauta za Cisco (si ile ya iPhone). Kama rauta inawaka vizuri ila unataka kuingia humo, izime uiwashe halafu tuma Break ndani ya sekunde 60 za mwanzo, laptopu nyingi siku hizi hazina hicho kitufe kwa hiyo bonyeza kulia pale juu kwenye dirisha la PuTTY, Special Command, Break.

Ukiwa rommon andika dir flash: uone kama faili la .bin, yaani IOS yenyewe, lipo kwenye flash (memori ya rauta). Lipo? Andika boot flash: ufuatishe jina lake herufi kwa herufi usiache kitu. Ile ya Ngamiani ikachora #### weee mpaka ikawaka. Sasa mbona haikuwaka yenyewe? Nikaandika show version, mstari wa mwisho kabisa, penye namba inayoiambia rauta iwakeje, nikakuta 0x2100, hiyo sifuri ya mwisho ndo inaiambia ibaki rommon, kuna mtu alichezea zamani akaiacha hivyo na miaka yote UPS ilikuwa inawabeba, betri ilipokufa ndo siri ikatoka. Dawa yake kwenye rommon ni confreg 0x2102 halafu reset. Ukikuta 0x2142 ujue mtu alisahau pasiwedi, hiyo inaruka konfigi yako, nayo irudishe 2102.

Faili halipo kabisa? Kebo kwenye porti ya LAN ya kwanza, laptopu iwe na seva ya TFTP (programu ya kurushia mafaili kwa mtandao), kisha jaza IP_ADDRESS=, IP_SUBNET_MASK=, DEFAULT_GATEWAY=, TFTP_SERVER= na TFTP_FILE=, herufi kubwa tupu ukiweka ndogo haikuelewi, malizia na tftpdnld. Angalia tu, inafuta kila kitu kwenye flash. Kuna xmodem pia, njia ya kurusha faili kupitia kebo ya konsoli, ila kwa spidi 9600 faili la megabaiti 30 linakula zaidi ya masaa 8, mi siku hizo nahama na godoro.