Kumwambia mama unachotaka kutumia ukiwa mwezini

Mdogo wangu, usimvamie mama sebuleni wageni wamejaa. Mfuate jikoni mkikuna nazi au mkichambua mchele. Mikono ina kazi, macho hayalazimiki kukutana. Usianze na "nataka". Anza na tatizo lenyewe: "Mama, hizi pedi zinanichubua," au "Vitambaa havikauki masika hii, naogopa kuvaa vibichi." Akina mama wetu wa Pemba ukiwapa sababu, hesabu huifanya wenyewe.

Na hesabu ipo. Pedi za kufua ni ghali siku ya kununua, ila hukaa muda mrefu. Zinataka maji baridi kwanza, kisha sabuni, kisha jua la kweli, si kuanikwa chini ya kanga kwa kuona haya. Za kutupa hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo pakiti moja huenda isikutoshe. Mwambie mapema kabla hajaenda sokoni.

Tamponi (kipamba cha kuingiza ukeni, kisikae zaidi ya muda wa saa 8) na kikombe cha hedhi (nacho huingizwa ukeni, kisizidi muda wa saa 12) ndivyo vitakavyomshtua, kwa ajili ya ubikira. Usibishane naye. Chukua pedi kwanza, hayo mengine yatapata siku yake.

Ukiona haya mno kusema, mtume shangazi au somo wako, yule anayekufunda mambo ya kike. Ila damu ikijaza pedi kila saa 1 au 2, hapo usitume mtu: mwambie mama mwenyewe siku hiyo hiyo, mwende kituo cha afya.