Kujiandaa na Kilimarathon mke na mume, huku mnachangisha hela

Kama mmekaa mkakubaliana mwakani mnakimbia kilomita 42 Moshi, na mnataka mbio zenu zilete hela ya wodi ya watoto njiti au jambo jingine lililo moyoni mwenu, anzeni na kalenda kabla hata hamjanunua raba. Kilimarathon, yaani Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ipo tangu 2003 na huwa mwishoni mwa mwezi wa pili, siku ya Jumapili, kwahiyo ukirudi nyuma wiki 16 hadi 18 unajikuta mwishoni mwa mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja. Kufikia hapo muwe mnaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Kama bado, chagueni 21 tu, hela inachangika vilevile. Na kama mnafunga angalieni kalenda ya Ramadhani, maana miaka hii inaangukia karibu na mwezi huo huo na kilomita 42 na swaumu haviendi pamoja.

Siku nne kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi na watoto. Mbili za taratibu, moja ya kilima, moja ya mbio ndefu, na hiyo ndefu ndo roho ya mazoezi yote, anzeni na kilomita 10 au 12, ongezeni mbili mbili, kila wiki ya nne mnapunguza mwili upumue, mpaka mfike 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe halafu mnashuka. Taratibu maana yake unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Sasa wanandoa wengi wanapoharibu ni kung'ang'ania kukimbia bega kwa bega kila siku. Ni nadra spidi zenu kufanana, mmoja atakuwa anajizuia na mwingine anajiburuza juu ya uwezo wake, na huyo anayejiburuza ndo ataumia ugoko wiki ya sita mbio zikaishia hapo. Fanyeni hivi: mnatoka nyumbani pamoja, kila mtu kwa spidi yake, ikifika dakika ya 45 kila mmoja anageuza palepale alipo. Kama hamjabadilisha spidi mnafika mlangoni karibu wakati mmoja, mwenye spidi kaenda mbali zaidi na hakuna aliyemsubiri mwenzie. Mimi hii naipenda kuliko mbinu zote. Ila kukiwa bado giza kaeni karibu, vaeni kitu kinachong'aa na kimbieni mkiyaona magari yanayokuja, usalama kwanza spidi baadaye.

Watoto nao wapangieni mapema. Kama hakuna dada wala bibi wa kubaki nao, mmoja anatoka alfajiri mwingine jioni, na Jumamosi ya mbio ndefu mnapeana zamu, wiki hii mkeo ndo anatoka kwanza wiki ijayo wewe. Asiachiwe mmoja jiko na watoto kila wikiendi halafu aambiwe mnajiandaa wote.

Kwa walio Dar, mwezi wa kwanza na wa pili joto na unyevu ni mkali sana, tokeni saa 11 alfajiri ili saa 2 muwe mmeshamaliza. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa upepo ila sio kilima, vilima vitafuteni Pugu na Kisarawe. Msilipuuze hili kwa sababu pale Moshi mlima mnakutana nao nusu ya pili, mnapanda kuelekea Mweka miguu ikiwa imeshachoka, halafu mnashuka na kushuka ndo kunakochana mapaja. Kwahiyo zoezeni na kushuka pia.

Chakula jaribuni mazoezini, siku ya mbio sio siku ya kitu kipya. Uji, viazi vitamu, wali, ndizi, na njiani tende au glukosi. Maji kunyweni kwa kiu, maji mengi kupita kiasi yanapunguza chumvi mwilini na ni hatari kweli. Dawa za maumivu kama diklofenaki msimeze ili mkimbie, zinaelemea figo.

Hela sasa. Sisi tunajua kuchangisha, kamati za harusi zimetufundisha, tumieni utaratibu ule ule. Fungueni grupu la WhatsApp, wekeni ahadi kwa kilomita, mtu akiahidi shilingi 1,000 kwa kilomita ni 42,000 kwa mmoja wenu na 84,000 kwa wote wawili, ni rahisi kuelewa na mtu anapata sababu ya kuwafuatilia. Kusanyeni kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, mkisubiri mpaka mbio ziishe ahadi nyingi zinayeyuka. Nendeni hospitalini kabla, muulize wanahitaji nini hasa, na kama ni ya serikali ombeni kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, ili hela iingie moja kwa moja. Laini ya kupokelea michango isichanganywe na ya matumizi ya nyumbani hata siku moja, na nauli, hoteli na ada ya kujisajili lipeni wenyewe, waambieni wachangiaji hivyo tangu siku ya kwanza. Mkishalipa, risiti irushwe kwenye grupu siku hiyohiyo pamoja na orodha ya waliotoa, na wale wasiopenda majina yao yaonekane waandikwe mdau tu.