Mlango wa gereji ya nyumbani unaozuia joto
Kwa nyumba ya Dar es Salaam, mlango wa gereji wenye foamu ndani una faida pale gereji inaposhikana na chumba cha kulala, au pale mlango unapotazama magharibi na kupigwa na jua la alasiri. Gereji iliyojitenga uani, yenye matofali ya matundu, haina haja ya gharama hiyo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe kipande kilichokatwa: foamu ya poliurethani iliyogandamana na bati pande zote mbili huzuia joto vizuri kuliko polistairini (ile nyeupe inayofungashiwa televisheni) ya unene uleule. Kwa wakazi wa Kunduchi au Kigamboni, chumvi ya bahari ni adui mkubwa kuliko hata joto, hivyo ulizia bati lililopakwa zinki, na ukague springi, nyaya na bawaba, ambazo zinaweza kuota kutu kabla ya mlango wenyewe. Rangi isiyokoza hufyonza joto kidogo. Mpira wa chini ubane sakafu sawasawa, kwani mwanya wa kidole tu hupitisha hewa ya moto, vumbi na panya. Ukichagua mlango wa mota, hakikisha unafunguka pia kwa mkono umeme unapokatika.